Jua Halina Ghorofa: Kitunguu Saumu kwenye Matuta ya Ngazi Ndani ya Kitalu Nyumba

Kuna video moja ambayo hunifikia kwenye simu karibu kila mwezi, kila mara kutoka kwa mtu mwingine. Inaonyesha rafu za chuma nne au tano, moja juu ya nyingine, ndani ya nyumba ya plastiki nyeupe, na katika kila rafu majani ya kitunguu saumu yamesimama wima kama askari wa gwaride. Haina maelezo, ni muziki tu. Anayeituma huuliza swali lilelile: "Kaka, hii kwetu inawezekana?"

Kuotesha inawezekana. Hata punje iliyosahauliwa kwenye kikapu cha jikoni huota bila kuombwa. Kazi ni kuifanya ile punje moja igeuke kichwa chenye punje kumi, na hapo ndipo rafu, plastiki na kitunguu chenyewe huanza kuvutana. Wengi niliowaona wakipoteza pesa kwenye mradi huu hawakuwa wavivu. Walijenga kwanza, wakaja kuuliza mmea unataka nini baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Basi tuanze na mmea.

Punje inavyoamua kuwa kichwa

Kitunguu saumu, au thomu kama wasemavyo watu wa pwani, hakipandwi kwa mbegu. Karibu aina zote zinazolimwa ni tasa. Unachofukia ardhini ni punje, kipande cha kichwa cha msimu uliopita, kwa hiyo shamba zima ni kama mmea mmoja uliogawanywa vipande vizazi na vizazi. Faida yake ni kwamba mtoto anafanana na mzazi. Hasara ni kwamba anarithi pia maradhi ya mzazi, hasa virusi, ambavyo havina dawa.

Punje ikishaota, miezi ya mwanzo hutoa majani tu. Ili iache majani na kuanza kufunga kichwa, inasubiri ishara mbili. Ya kwanza ni baridi: wiki kadhaa za nyuzijoto chini ya 10 hivi, iwe punje bado iko stoo au imekwisha kuwa mche mchanga udongoni. Ya pili ni urefu wa mchana. Baada ya baridi, siku zikirefuka na joto likipanda, mmea unaelewa kwamba msimu unakaribia kwisha, unaacha kutoa majani mapya na kuanza kujaza punje kule chini. Ishara hizi mbili husaidiana. Mmea ulioonja baridi ya kutosha hauwi mkali sana juu ya urefu wa mchana. Ambao haukuonja baridi unadai mchana mrefu zaidi.

Tabia hii ni ya kwao. Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, nchi ya kipupwe kikali na kiangazi kikavu chenye siku ndefu. Leo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani ni China, na ndani ya China wilaya yenye jina ni Jinxiang, mkoa wa Shandong, kwenye nyuzi 35 kaskazini ya ikweta. Huko punje hupandwa vuli, hupitisha miezi ya baridi kali ardhini, kisha huvunwa mwanzoni mwa kiangazi. Mwezi wa Juni mchana wao unafika saa 14 na nusu hivi. Desemba unashuka chini ya saa 10. Mmea unaambiwa wazi wazi sasa ni saa ngapi ya mwaka.

Sasa njoo Mbulu, mkoani Manyara, ambako jina la kitunguu saumu cha Tanzania limejengwa. Pale ni nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Siku ndefu kuliko zote katika mwaka haiizidi siku fupi kuliko zote hata kwa nusu saa. Kwa kipimo cha Jinxiang, mmea ulioko Mbulu haujaambiwa kitu.

Na bado Mbulu wanavuna. Siri ni mbili, na hakuna hata moja inayohusu plastiki. Kwanza ni mwinuko: nchi ile iko juu, usiku wa Juni na Julai unauma, na baridi hiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo urefu wa mchana umeshindwa kuifanya. Pili ni mbegu ya wenyeji. Mkulima anayebakiza vichwa vyake vizuri kila mwaka kwa ajili ya kupanda anachuja bila kujua. Punje zilizokataa kufunga kichwa hazikupata nafasi ya kupandwa tena. Zilizobaki ni za ukoo uliozoea mchana wa saa 12.

Hii inaeleza pia kisa ambacho kila mtu aliyejaribu amekutana nacho. Unanunua sokoni kichwa cha kutoka China, cheupe, kikubwa, kinavutia. Unakipanda. Kinaota haraka hadi unafurahi, kwa sababu mara nyingi kimekaa miezi kwenye vyumba vya baridi na kimeamka tayari. Majani yanakuwa mapana, ya kijani kibichi. Baada ya miezi mitano unachimba na kukuta shina nene kama la kitunguu liki bila kichwa, au tufe moja la duara mfano wa gololi. Hilo tufe ni kichwa kilichoshindwa kugawanyika. Mmea ulianza kujaza akiba, lakini haukuwa umepata ishara ya kutosha kuunda punje. Linaliwa, na ladha yake ni nzuri tu, ila hukuwekeza ili upate gololi.

Nyumba ya joto kwa mmea wa baridi

Kitalu nyumba, au grinihausi kama tunavyosema wengi mitaani, kilibuniwa na watu wa nchi za baridi ili kuhifadhi joto. Nyanya, pilipili hoho na tango hushukuru. Kitunguu saumu hakishukuru. Hustawi vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 12 na 24 hivi, na nyumba ya plastiki iliyofungwa pande zote inaweza kupita nyuzi 35 saa saba mchana hata katika miji ya milimani kama Arusha.

Joto hilo hudhuru kwa njia ambayo haionekani mara moja. Baridi ambayo mche umeshaipata inaweza kufutika ukifuatiwa na joto kali mapema mno, kana kwamba mmea umesahau ulichoambiwa. Na kama umeshaanza kufunga kichwa, joto huuharakisha: majani yanakauka kabla kichwa hakijajaa, unavuna vichwa vya ukubwa wa limau changa. Mkulima anadhani amekosea mbolea.

Kwa hiyo kwa nini mtu apande kitunguu saumu ndani ya kitalu nyumba? Sababu ninayoikubali ni mvua. Jani la kitunguu saumu likilowa mara kwa mara hushikwa na baka zambarau, ubwiri vinyoya na kutu, na magonjwa haya matatu yakiingia pamoja hubaki vijiti. Mvua ya wiki za mwisho ni mbaya zaidi: maganda ya nje yanaoza, kichwa kinapasuka na punje zinachomoza kando. Kinatakiwa kikae kikavu wiki mbili hadi tatu kabla ya kung'olewa, na mbingu haimsikilizi mtu.

Unachohitaji, basi, ni mwavuli. Paa la plastiki, pande zote wazi kuanzia kiunoni kwenda juu, na uwazi kwenye mgongo wa paa ili hewa ya moto itoke. Mapazia ya pembeni yawepo kwa ajili ya mvua ya upepo tu. Muuzaji wa vitalu atakushawishi kuweka neti nzito ya wadudu pande zote. Neti yenye matundu madogo kiasi cha kuzuia vithiripi huzuia na upepo, na umerudi kwenye tanuri. Mimi nimechagua upepo.

Vithiripi lakini vitakuja, na vitafurahi. Hawa ni wadudu wadogo wembamba, rangi ya majani makavu, wanaojificha kwenye kikwapa cha jani, pale jani jipya linapochomoza. Wanakwangua ngozi ya jani na kufyonza maji yake hadi libaki na michirizi ya fedha. Shambani mvua huwapiga na kuwaangusha. Chini ya paa hakuna wa kuwapiga. Ninachofanya ni kuchukua karatasi nyeupe, naishika chini ya mmea na kuugonga mara tatu kwa kidole. Nikiona vinukta vinavyotembea zaidi ya vitano sita kwa mmea, kesho yake alfajiri napitisha maji kwa nguvu juu ya majani, mapema ili hadi saa nne yawe yamekauka. Dawa huja baadaye, kwa kubadilishabadilisha, kwa sababu vithiripi huzoea dawa haraka.

Rafu na ngazi ni vitu viwili

Hapa ndipo ile video inapotudanganya, na haikudanganya kwa makusudi. Nchi nyingi wanakojenga rafu ziko mbali na ikweta. Miezi ya baridi jua lao hukaa chini, linaingia kwa ubavu, na rafu ya chini inapata mgawo wake. Kwetu saa sita mchana jua liko utosini. Rafu ya juu inakuwa paa la zile za chini, na saa zenye mwanga mwingi kuliko zote ndizo saa ambazo rafu ya pili, ya tatu na ya nne zimo gizani. Mwanga wa ubavuni unazifikia asubuhi na jioni tu, wakati una nguvu kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kitalu cha mita 8 kwa 15, kipimo kinachouzwa sana Kenya na Tanzania, kinapokea jua la mita za mraba 120. Ukiweka rafu nne hupati jua la mita 480. Unagawa lile lile la 120, tena baada ya plastiki na vumbi lake kuchukua ushuru. Mboga za majani zinazovumilia kivuli na kuvunwa baada ya mwezi zinaweza kuridhika na mgawo huo. Kitunguu saumu kinakaa miezi minne hadi mitano, majani yake ni membamba, na kila gramu ya kichwa lazima ipikwe na jua. Kuna wanaosema weka taa. Taa ndogo za kurefusha mchana, kama zile za wakulima wa maua ya krisanthimamu, ni jambo moja, maana pale unampa mmea habari tu. Taa za kuulisha mmea miezi mitano ni jambo jingine kabisa, na bili ya umeme itakumaliza kabla ya kuvuna.

Ngazi ni tofauti. Katika ngazi hakuna tuta lililo chini ya jingine. Kila moja limesogezwa kando, kama mitaro ya makinga maji kwenye milima ya Usambara au Uluguru. Ukitazama kutoka juu kabisa, kwa jicho la jua, kila tuta linaonekana lote. Swali la haki ni hili: kama hakuna tuta lililopanda juu ya mwenzake, ngazi inaongeza nini?

Inapunguza njia. Chukua kitalu kile kile cha mita 8 kwa 15. Ukilima matuta ya kawaida ya upana wa mita 1, na njia za nusu mita, utapata matuta matano na njia sita. Ukiacha nusu mita kila mwisho, urefu wa tuta ni mita 14, jumla mita za mraba 70 za kupanda. Huwezi kupanua tuta hadi mita 2, kwa sababu mkono hautafika katikati kupalilia bila kukanyaga. Lakini ukilijenga tuta la mita 2 kama ngazi ya pande mbili, vidato viwili kila upande na kimoja kileleni, kila kimoja sentimita 40 kwa upana, kilele kinainuka hadi usawa wa kiuno na mkono unafika. Sasa ngazi tatu zinachukua mita 6, njia nne zinachukua mita 2. Za kupanda ni mita za mraba 84. Ongezeko ni asilimia 20.

Asilimia 20, si mara nne. Anayekuuzia ngazi kwa ahadi ya mara nne hajawahi kupima njia zake. Kuna faida nyingine ambayo haiingii kwenye hesabu lakini mgongo wangu unaitaja kila jioni: kupalilia umesimama. Kitunguu saumu hakifuniki ardhi kwa majani yake, magugu yanapata mwanga muda wote, na miezi mitano ya kuinama si mchezo.

Elekeza urefu wa ngazi kaskazini hadi kusini. Upande mmoja utapata jua la asubuhi, mwingine la jioni, na hakuna utakaoishi kivulini mwaka mzima.

Uzito na maji

Ngazi yangu ya kwanza niliijenga kwa mbao za mvinje juu ya nguzo, ikiwa na uwazi chini, nikiwa na wazo kwamba nitahifadhi vifaa mle. Ilisimama wiki tatu. Usiku wa mvua kubwa, maji kutoka kwenye paa yalipata njia, udongo ukalowa, na alfajiri nikakuta kidato cha juu kimelala juu ya cha kati na cha kati juu ya cha chini, punje zimetawanyika na vichipukizi vyake vyeupe kama meno. Nilikuwa sijafanya hesabu ndogo: udongo uliolowa una uzito wa zaidi ya tani moja na nusu kwa mita ya ujazo. Tuta la kina cha sentimita 20 ni zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Nilikuwa nimepakia gunia tatu za mahindi kwenye kila mita ya ubao.

Jenga ngazi iliyojaa. Katikati weka mawe, kokoto na vipande vya matofali. Kingo ziwe za mawe, matofali au mbao nene zilizokaa ardhini. Udongo wa kupandia uwe sentimita 25 za juu tu. Mizizi ya kitunguu saumu haiendi mbali, na mawe ya chini yanapitisha maji. Uzito wote unabebwa na ardhi, ambayo haijawahi kuvunjika.

Kuhusu maji, ngazi ina upendeleo wake. Kidato cha juu hukauka kwanza kwa sababu kiko wazi kwa hewa na maji yake yanateremka. Kidato cha chini hupokea ya kwake na ya jirani. Ukitumia mipira ya matone inayolishwa na tenki lililoinuliwa mita 2, kidato kilichoko sentimita 30 kutoka ardhini kina msukumo wa mita 1.7 za maji; cha sentimita 90 kina mita 1.1, yaani pungufu kwa theluthi moja na zaidi. Aliyehitaji zaidi ndiye anayepata kidogo. Suluhisho ni koki moja kwa kila kidato, na kuchokoa udongo kwa kidole kabla ya kufungua. Kidole kiingie hadi kifundo cha pili. Kama kinatoka na udongo ulioshikamana, ondoka.

Jambo moja linalosahaulika: chini ya paa hakuna mvua ya kusuuza chumvi. Mbolea ya dukani na maji ya kisima huacha chumvi juu ya udongo, utaiona kama unga mweupe kwenye kingo. Kitunguu saumu hakiipendi. Mwisho wa msimu, kabla ya kupanda kitu kingine, mwagilia maji mengi ya mvua hadi yatoke chini kwenye mawe.

Udongo, na ugonjwa usiosahau

Udongo wenyewe si fumbo: tifutifu, mboji au samadi iliyooza vizuri, uchachu (pH) kati ya 6 na 7. Samadi mbichi usithubutu. Punje zipandwe ncha juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, sentimita 10 kati ya mmea na mmea na 15 kati ya mistari, kisha matandazo ya nyasi kavu.

Kinachonifanya nirefushe ni uozo mweupe. Huu ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia jamii ya vitunguu. Majani ya chini yanageuka njano, unavuta mmea unatoka bila ubishi, na kwenye kitako unakuta utando mweupe kama pamba wenye vichembe vyeusi vidogo kuliko ulezi. Vichembe hivyo ndivyo msiba. Vinaweza kulala udongoni miaka 20 na zaidi vikisubiri, na kinachoviamsha ni harufu ya mizizi ya kitunguu yenyewe. Unapopanda upya, unaviita kwa jina.

Mwenye shamba la wazi anaweza kuhama. Mwenye kitalu nyumba amejifunga: gharama imesimama hapo, na kishawishi cha kurudia zao lile lile ni kikubwa. Hapa ngazi inajikomboa kidogo, maana udongo wa kila kidato ni wa kina kifupi na umetengwa. Ukiona mmea mmoja una utando, unaweza kuhamisha udongo wa mita mbili za kidato kile, ukaufukia mbali, ukaosha jembe na buti. Lakini usidanganyike ukaacha mzunguko wa mazao. Kitunguu saumu, kitunguu maji na liki ni ndugu. Wasifuatane kwenye kidato kimoja. Baada yao weka mchicha, maharage mafupi au nyanya.

Na ule uwezo wa kitalu kuwa tanuri una siku yake. Januari na Februari, kitalu kikiwa kitupu, lowesha udongo, ufunike kwa plastiki angavu iliyobana vizuri, shusha mapazia yote na uondoke kwa wiki sita. Joto litakalojikusanya chini ya ile plastiki linapunguza vimelea vingi na mbegu za magugu.

Friji badala ya Shandong

Kama unaishi juu, Lushoto, Njombe, Mbulu au miteremko ya Mlima Kenya, panda Aprili au Mei, ili mche mchanga ukutane na Juni na Julai, uvune Septemba kuelekea Oktoba kabla ya vuli kuchanganya. Mapazia yabaki wazi usiku wote wa kipupwe. Nimeona watu wakiyashusha kwa kuionea miche huruma. Wanaikinga na kitu pekee ilichokuwa ikingoja.

Kama baridi ya kwenu haitoshi, unaweza kuitoa kwenye friji. Vichwa vizima, visivyobanduliwa, viwekwe kwenye mfuko wa karatasi au neti, si plastiki, katika droo ya mboga yenye nyuzi 5 hadi 8, kwa wiki sita hadi nane. Bandua punje siku ya kupanda, upande siku hiyo hiyo au kesho yake, kwenye udongo usio moto. Usizidishe muda kwa tamaa: baridi ikipita kiasi mmea huchipua matawi ya pembeni na kichwa kinatoka na umbo la kucha za kuku. Anza na mbegu ya Manyara au ya Meru, siyo ya meli. Friji inasaidia ukoo uliozoea huku. Haiwezi kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji kwa msimu mmoja.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa sina habari njema. Usiku wa pwani hauna baridi ya kuulinda mche hata kama punje ilitoka kwenye friji, na kupoza kitalu kizima ni biashara ya watu wengine. Huko nashauri majani.

Majani ya kitunguu saumu, yaliyokatwa yakiwa na siku 30 hadi 45, hayahitaji kichwa, hayaulizi urefu wa mchana, na yanavumilia kivuli kuliko kichwa. Hapo zile rafu za kwenye video zinapata maana. Punje ndogo, ambazo hazifai kupandwa kwa ajili ya vichwa, zipange karibu karibu kwenye trei yenye udongo wa sentimita 8, kata majani ukiacha vidole viwili, yataota tena mara moja au mbili kwa unyonge. Mama wa sokoni pengine hatakuelewa. Mpishi wa hoteli atakuelewa. Zungumza naye kabla ya kupanda, kwa sababu majani yakikatwa hayasubiri.

Pesa

Kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 15, mita moja ya mraba inabeba mimea 66. Ngazi zako za mita 84 zitabeba kama 5,500. Punje moja ya kupanda ikiwa gramu 4, unahitaji kilo 22 za mbegu iliyochaguliwa. Vichwa vikitoka na wastani wa gramu 30, na hakuna hata kimoja kilichooza, ni kilo 165. Toa vya kuoza, toa vya kubakiza mbegu, baki na kilo 120 hivi za kuuza, baada ya miezi mitano. Zidisha kwa bei ya soko lako la leo, kisha weka jibu pembeni ya bei uliyoambiwa ya kujenga kitalu. Usinisikilize mimi, sikiliza hizo namba mbili.

Nyanya katika nafasi hiyo hiyo hupanda kamba hadi juu ya kichwa cha mtu; inatumia urefu wa nyumba uliokwisha kuulipia. Ndiyo maana kitunguu saumu kwangu ni mgeni wa kipupwe katika kitalu kilichojengwa kwa ajili ya wengine: kinaingia Mei nyanya zikitoka, kinavunja mlolongo wa magonjwa ya jamii ya nyanya, kinatoka Septemba. Sijawahi kumshauri mtu ajenge kitalu kwa ajili yake peke yake.

Kujua siku ya kung'oa, hesabu majani. Kila jani la kijani juu ni ganda moja linalofunika kichwa chini, kwa hiyo ukingoja yakauke yote, maganda nayo yameoza na kichwa kiko uchi. Majani ya chini yakishakauka na yamebaki matano au sita ya kijani, chimba kimoja na ukikate katikati kwa kisu, kwa upana. Punje zikiwa zimejaa na zimeanza kuachana na shina la katikati, funga koki zote. Zikiwa bado zimeshikana kama saruji, funika na urudi baada ya siku kumi. Baada ya kung'oa usivioshe. Vining'inize kivulini kwenye upepo wiki tatu hadi nne, na udongo utapukutika wenyewe.

Mwaka huu nimebakiza vichwa 60, vile vizito, vya punje kumi kumi, vinavyotosha mita za mraba tisa za ngazi. Vinaning'inia darini jikoni. Mwishoni mwa Februari vitahamia kwenye droo ya friji, na wanangu wameshaanza kulalamika mapema kwamba maziwa yatanuka thomu.